Mwongozo Kamili wa Kutazama Seli kwa Hadubini: Kuanzia Slaidi Tupu hadi Mchoro Wenye Kipimo

Wanaoanza biolojia hukwama mahali pale pale. Wameweka slaidi chini ya hadubini, wamechungulia kwa muda mrefu, na walichokiona ni mojawapo ya mambo matatu: mwanga mweupe mtupu, giza, au miduara yenye ukingo mweusi ambayo wameichora kwa uangalifu na kuiandikia neno "seli". Miduara hiyo ni mapovu ya hewa. Nimesahihisha michoro mingi ya mapovu, na mingine ilikuwa mizuri sana.

Kosa halimo katika macho yao, na ni nadra liwe katika hadubini yenyewe. Limo katika mambo mawili yanayotangulia kuchungulia, yaani namna sampuli ilivyoandaliwa na kiasi cha mwanga kilichoruhusiwa kuipita. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake hata kama umewahi kutumia hadubini, kwa maana hatua ya 2, ambayo wengi huiruka kwa kuiona ya kitoto, ndiyo utakayoitegemea ukifika hatua ya 6.

## Vifaa vinavyohitajika

- Hadubini ya mwanga yenye lenzi ya jicho ya 10× na lenzi za chini za 4×, 10× na 40×
- Slaidi za kioo na vifuniko vyake vyembamba
- Kitunguu kibichi. Chekundu ni bora zaidi, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua ya 7
- Wembe au kisu kikali, kibano chenye ncha nyembamba, na sindano
- Kitoneshi na maji safi
- Mmumunyo wa iodini na mmumunyo hafifu wa methilini buluu
- Mmumunyo wa chumvi: gramu 5 za chumvi ya mezani katika mililita 100 za maji
- Vijiti vya pamba ambavyo havijatumika
- Karatasi ya kuchujia, au karatasi yoyote laini inayonyonya maji
- Karatasi maalumu ya kufutia lenzi
- Rula ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye alama za milimita
- Kipande cha gazeti chenye herufi ndogo
- Penseli ngumu iliyochongwa vizuri, kifutio, na karatasi isiyo na mistari
- Chombo chenye dawa ya klorini kwa ajili ya taka za hatua ya 8

Weka vyote mezani kabla ya kuanza. Utando wa kitunguu hukauka haraka, na anayekwenda kutafuta kifuniko huku utando ukisubiri atarudi akute umejikunja.

## Hatua ya 1: Tayarisha hadubini na mwanga

Beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika shingo yake na mwingine ukiwa chini ya kitako. Iweke mbali na ukingo wa meza, kisha zungusha kishikio cha lenzi mpaka lenzi ya 4× isikike ikiingia mahali pake kwa mlio mdogo. Lenzi iliyosimama katikati ya njia huzuia mwanga, na hicho ndicho chanzo cha kwanza cha "giza" linalolalamikiwa.

Washa taa. Ikiwa hadubini yako hutumia kioo badala ya taa, kielekeze kwenye mbingu angavu au kwenye balbu, na kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe, kwa sababu lenzi zitaukusanya mwanga huo na kuupeleka moja kwa moja ndani ya jicho, jambo linaloweza kuliharibu kabisa.

Chungulia macho yote mawili yakiwa wazi, hata kama hadubini ina tundu moja. Mwanzoni jicho la pili litakusumbua, lakini baada ya dakika chache ubongo hulipuuza, na hutachoka upesi kama anayekunja uso kulifumba. Anayevaa miwani ya kuona mbali au karibu anaweza kuivua, kwani skrubu za hadubini, zile za pembeni zinazoifanya taswira iwe kali, zitafidia kasoro hiyo.

Umefanikiwa iwapo unaona duara moja la mwanga lenye ung'avu ulio sawa kila upande. Duara hilo ndilo tutakaloliita uwanja wa kuonea.

## Hatua ya 2: Jaribu kwa herufi ya gazeti

Kata herufi moja ndogo isiyo na ulinganifu, kama "e" au "a", iweke juu ya slaidi ikiwa wima kwako, idondoshee tone la maji, na uifunike. Ilete katikati ya tundu la mwanga, kisha itazame kwa lenzi ya 4×.

Herufi itaonekana imepinduliwa juu chini na kushoto kulia. Sasa isogeze slaidi kidogo kuelekea kushoto, nawe utaona taswira ikienda kulia. Isukume mbele, na taswira itarudi kwako. Rudia mpaka mkono uzoee kwenda kinyume na jicho. Asiyezoea jambo hili ataikimbiza seli nje ya uwanja kila anapotaka kuileta katikati, na katika ukuzaji wa mara 400 kosa la upana wa unywele linatosha kuipoteza.

Hapa pia jifunze kanuni isiyovunjwa ya kurekebisha mwono. Tazama kwa pembeni, wala si kupitia lenzi, huku ukisogeza jukwaa, yaani bapa linaloshika slaidi, na lenzi vikaribiane. Kisha chungulia na uvitenganishe polepole kwa skrubu kubwa mpaka taswira itokee. Anayevikaribisha huku akichungulia haoni ni lini lenzi itagusa kioo, na mara nyingi hulijua jambo hilo kwa sauti ya kifuniko kikipasuka.

## Hatua ya 3: Pima uwanja wa kuonea

Weka rula inayopitisha mwanga badala ya slaidi, ukingo wake ukikata katikati ya uwanja, na uhesabu milimita zinazoonekana kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa lenzi ya 4×. Katika hadubini nyingi za kufundishia kipimo hukaribia milimita 4.5, lakini andika ulichokiona katika hadubini yako mwenyewe.

Ukuzaji wote hupatikana kwa kuzidisha lenzi ya jicho na lenzi ya chini. Kwa hiyo 10 × 4 ni 40, 10 × 10 ni 100, na 10 × 40 ni 400. Uwanja hupungua kwa kadiri ukuzaji unavyoongezeka: ukiwa milimita 4.5 katika mara 40, utakuwa milimita 1.8 katika mara 100, na milimita 0.45 katika mara 400. Kwa kuwa milimita moja ina mikromita 1,000, uwanja huo wa mwisho una upana wa mikromita 450. Andika tarakimu hizi tatu kwenye kikaratasi na ukibandike karibu nawe.

## Hatua ya 4: Andaa utando wa kitunguu

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika.

Mwanga wa hadubini hutoka chini, hupenya sampuli, ndipo hufika kwenye jicho. Sampuli yenye tabaka kumi za seli ni sawa na kurasa kumi za maandishi zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushikiliwa mbele ya taa. Unahitaji tabaka moja tu, na kitunguu huchaguliwa kwa sababu tabaka hilo hubanduka lenyewe bila ufundi wa kukata.

Dondosha kwanza tone moja la maji katikati ya slaidi. Kata kitunguu vipande vinne, chomoa ganda moja nene la ndani, kisha livunje kwa kulikunja kuelekea upande wake wa nje. Upande wa ndani, ule uliobonyea, utabaki na utando mwepesi unaoning'inia kama karatasi ya nailoni. Ushike kwa kibano na uubandue polepole. Kipande cha milimita 5 kwa 5 kinatosha. Kikubwa zaidi hujikunja.

Ulaze utando ndani ya maji papo hapo na uunyooshe kwa sindano. Ukiona sehemu yoyote yenye weupe mzito, umebandua pamoja na nyama ya kitunguu. Tupa na uanze upya badala ya kujidanganya kwamba utapata pembe nyembamba mahali fulani.

Sasa kifuniko. Simamisha ukingo wake mmoja kwenye maji, kikiwa kimeinama kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kisha kiegemeze kwenye sindano na ukishushe taratibu ili maji yaisukume hewa mbele yake. Kifuniko kikidondoshwa bapa huifungia hewa chini, na ndipo yale mapovu huzaliwa. Maji yakizidi, kifuniko kitaelea na seli zitateleza kila unapogusa meza. Yanyonye kwa ncha ya karatasi ukingoni. Yakipungua, ongeza tone ukingoni nayo yataingia yenyewe.

Ukiitazama slaidi kwa macho matupu, unapaswa uone karibu hakuna kitu: kivuli hafifu tu, bila mkunjo na bila duara la hewa. Wengi huona hali hiyo wakadhani wameshindwa, ilhali ndiyo dalili nzuri kuliko zote.

## Hatua ya 5: Tia rangi bila kufungua kifuniko

Seli hai hupitisha mwanga karibu sawa na maji yanayoizunguka, kwa hiyo hata ikikuzwa mara 400 inaweza isionekane. Rangi huleta tofauti hiyo.

Dondosha tone moja la iodini kwenye ukingo wa kulia wa kifuniko, kisha gusisha karatasi ya kuchujia kwenye ukingo wa kushoto. Karatasi itakapoyanyonya maji, iodini itavutwa kupita chini ya kifuniko na kuenea kwenye utando wote. Subiri dakika mbili au tatu. Futa kilichobaki juu ya kifuniko, kwa sababu iodini ikifika kwenye lenzi huiharibu.

Utando unapaswa kuwa wa manjano. Usitarajie rangi ya buluu iliyokoza kama ile inayotokea iodini inapokutana na wanga, kwani kitunguu huhifadhi chakula chake kwa namna ya sukari. Ukiona madoa meusi ya buluu, kagua kwanza kama wembe ulikuwa umekata kiazi.

## Hatua ya 6: Tafuta seli kutoka chini kwenda juu

Anza kwa lenzi ya 4× kila mara. Uwanja wake ni mpana, kwa hiyo unaonyesha mahali utando ulipolala vizuri na mahali ulipokunjamana. Chagua sehemu iliyotandazika, ilete katikati kabisa, na uirekebishe iwe kali kwa skrubu kubwa.

Kabla ya kwenda mbele, punguza mwanga kwa kufunga kidogo kiwambo kilicho chini ya jukwaa. Ushauri huu huwashangaza wanaoanza, ambao huamini kwamba mwanga mwingi huonyesha mengi. Mwanga mwingi mno hufuta kingo za vitu visivyo na rangi, kama taa kali ya gari inavyokufanya usiuone uso wa aliye mbele yako. Funga kiwambo mpaka mistari ya kuta itokee, kisha usiendelee kukifunga, kwa maana kikibana sana taswira hupoteza undani.

Hamia lenzi ya 10×. Taswira itakuwa karibu kuwa kali, nawe utaimalizia kwa kuzungusha skrubu ndogo kidogo tu. Chagua seli moja, ilete katikati, ndipo uhamie 40×. Kuanzia hapa usiiguse skrubu kubwa hata kidogo, kwa sababu lenzi hiyo husimama chini ya milimita moja kutoka kwenye kioo. Ongeza mwanga kiasi, kwani lenzi yenye tundu dogo hupokea mwanga haba.

Umefanikiwa ukiona vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali ya ukuta, kila kimoja kikiwa na doa moja la mviringo lenye rangi ya kahawia.

Usipoona hivyo, tafuta chanzo kwa dalili. Weupe mtupu humaanisha sampuli iko nje ya uwanja, au jukwaa liko mbali mno. Rudi 4× na ujaribu kulenga ukingo wa kifuniko kwanza. Vumbi linalozunguka unapoizungusha lenzi ya jicho liko kwenye lenzi hiyo, na lile linalosogea pamoja na slaidi liko kwenye slaidi. Ukungu unaotokea kwa 40× pekee mara nyingi ni maji au rangi iliyogusa lenzi, au slaidi iliyowekwa kichwa chini, kifuniko kikiwa upande wa jukwaa. Na duara lenye ukingo mweusi mnene na weupe mtupu ndani ni povu, hata likiwa limekaa kwa namna ya kushawishi kiasi gani.

## Hatua ya 7: Tambua ulichokiona, na usichokiona

Mstari unaoizunguka kila seli ni ukuta wa seli, uliojengwa kwa selulosi. Doa la kahawia ni kiini, kinachobeba DNA, yaani kemikali ya urithi. Sehemu kubwa ya katikati, inayoonekana tupu, ni vakuoli, yaani mfuko uliojaa utomvu, ambayo huisukuma saitoplazimu, ule ute wa seli, mpaka ibaki tabaka jembamba pembezoni.

Katika seli nyingine kiini huonekana kimebanwa ukutani, na katika nyingine kinaonekana katikati. Seli ni chumba chenye kina. Kiini kinachoonekana katikati kwa kawaida kimebanwa kwenye ukuta wa juu au wa chini, nawe unakitazama kutokea juu. Zungusha skrubu ndogo taratibu, utaona kiini kikiwa kikali wakati kuta za pembeni zikififia, kisha kinyume chake.

Kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, hazimo, kwani ganda la kitunguu ni sehemu ya jani inayokua chini ya ardhi bila mwanga. Mitokondria, vijisehemu vinavyoipatia seli nishati, zimo, ila kwa maandalizi haya hazionekani. Mwanafunzi anayezichora amechora kumbukumbu ya kitabu chake, na mimi huikata alama michoro hiyo bila huruma.

Utando wa seli nao hauonekani, kwa sababu umeshikamana na ukuta. Lakini upo ushahidi unaoweza kuutafuta. Andaa slaidi mpya kwa ngozi ya nje ya ganda la kitunguu chekundu, ile yenye rangi ya zambarau, bila iodini. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli. Vuta mmumunyo wa chumvi chini ya kifuniko kwa njia ya hatua ya 5, huku ukitazama kwa mara 100. Ndani ya dakika chache maji yatatoka kwenye seli kwa osmosisi, yaani yatapita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi, na sehemu ya zambarau itajikunyata na kujitenga na ukuta. Ukingo wa sehemu iliyojikunyata ndipo utando wa seli ulipo. Ukivuta maji safi badala ya chumvi kabla ya muda mrefu kupita, seli nyingi zitajaa tena, jambo linaloonyesha kwamba bado zilikuwa hai.

## Hatua ya 8: Linganisha na seli za shavu lako

Suuza kinywa kwa maji, sugua taratibu ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, kisha ukipake katikati ya slaidi. Acha ikauke kidogo, ongeza tone moja la methilini buluu, subiri dakika moja, funika, na unyonye rangi iliyozidi.

Kila mtu atumie kijiti chake na seli zake mwenyewe, kwa sababu mate hubeba vijidudu. Kijiti, slaidi na kifuniko vitumbukizwe kwenye dawa ya klorini mara kazi inapokwisha. Jihadhari pia na nguo: methilini buluu haitoki kirahisi.

Tafuta kwa mara 100 seli zilizotawanyika, bapa, zenye umbo lisilo na pembe maalumu, kisha zikuze mara 400. Kiini kitakuwa buluu iliyokoza, kwa kuwa rangi hiyo hushikamana na asidi za kiini, na saitoplazimu itakuwa buluu hafifu. Hakuna ukuta, na ndiyo maana seli nyingi zimekunjika kama majani makavu. Vitone vidogo mno vya buluu vilivyoshikamana na seli ni bakteria wa kinywani. Wapo kwa kila mtu.

## Hatua ya 9: Chora na upime

Chora seli mbili au tatu tu zilizopakana, kubwa kiasi cha kujaza nusu ya ukurasa. Tumia mstari mmoja usiokatika, bila vivuli. Mistari ya majina ichorwe kwa rula, iguse kitu kinachotajwa, na isikatane.

Kupima ni kuhesabu. Katika mara 100, hesabu seli za kitunguu zilizopangwa kichwa kwa mkia kutoka ukingo mmoja wa uwanja hadi mwingine. Zikiwa 6 katika uwanja wa milimita 1.8, urefu wa kila moja kwa wastani ni milimita 0.3, yaani mikromita 300. Kwa seli za shavu, kadiria katika mara 400 ni ngapi zingeweza kujipanga katika uwanja. Zikiwa 8 katika mikromita 450, kila moja ina mikromita 56 hivi, kipimo ambacho kwa seli za shavu ni cha kuaminika.

Sasa lipo kosa ambalo hata wanaochora vizuri hulifanya: wanaandika "×400" chini ya mchoro. Hiyo ni nguvu ya hadubini, wala si ukuzaji wa mchoro. Ukuzaji wa mchoro ni urefu wa seli katika karatasi uliogawanywa kwa urefu wake halisi, vyote viwili vikiwa katika kizio kimoja. Ukichora seli ya milimita 0.3 kwa urefu wa milimita 90, mchoro wako umekuzwa mara 300, hata kama uliitazama kwa mara 100 au mara 400.

## Hatua ya 10: Safisha na uhifadhi

Rudisha lenzi ya 4× kabla ya kutoa slaidi, ili lenzi ndefu isikwaruzwe. Futa lenzi kwa karatasi yake maalumu pekee. Leso, kanga na ncha ya shati huacha mikwaruzo isiyoondoka. Zima taa, iache ipoe, shusha jukwaa, zungushia waya kwenye kitako bila kuukaza, na uifunike hadubini isiingie vumbi. Pahala pa kuhifadhia pawe pakavu, kwa kuwa unyevu huotesha kuvu juu ya kioo cha lenzi, na ukungu wa namna hiyo haufutiki kwa karatasi.